Fundi Sura na Uso wa Radi

Katika vita vya kudai uhuru kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Kuna waliotoa damu, kuna waliotoa ng'ombe, na kuna waliotoa hotuba, ambazo ni rahisi kufuga kuliko ng'ombe. Fundi Sura alitoa mto wake wa kulalia. Vitabu vya historia havijautaja mto huo wala havielekei kuutaja, kwa hiyo hadithi hii imejitwisha wajibu mzito wa kueleza ulivyotoka kitandani, na taabu iliyopatikana kabla haujarudi.

Fundi Sura alikuwa mchoraji wa picha za watu, na chumba chake cha kazi kilikuwa uani, mlango wa pili kutoka jikoni. Aliyeingia mara ya kwanza alishtuka, maana ukutani walijipanga mabwana na mabibi wasio na vichwa. Ndivyo alivyofanya kazi. Wateja wakiwa haba alichora miili tu: suti, magauni, majoho, mikono iliyoshika bakora au kitabu. Mteja akija alijichagulia mwili, akakaa kitini, na uso wake ukapandikizwa juu yake. Wembamba walichagua miili iliyonona, walionona wakachagua myembamba, na wote waliondoka wakiamini wamechorwa walivyo.

Alikuwa na desturi moja na udhaifu mmoja. Desturi yake ilikuwa kumshika mteja kidevu kwa vidole viwili na kukiinua kidogo. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kutikisika, hata nzi akimtembelea puani. Mahakimu walitii. Watoto wachanga walitii. Udhaifu wake ulikuwa kwamba hakuweza kubuni uso. Lazima auone. Zamani kwaya fulani ilimwagiza malaika, akahangaika mno, mwishowe akachora muuza nyama wa mtaa wao mwenye mabawa. Kwaya iliimba chini ya picha ile miaka mingi, na muuza nyama alipata heshima asiyostahili.

Sasa, kiongozi wa harakati za uhuru alijulikana kwa jina moja tu, Radi. Hotuba zake zilinakiliwa kwa mkono na kusomwa na watu wengine mikutanoni, na zilipasua mioyo. Nchi nzima iliamini kwamba yuko msituni, amesimama juu ya jiwe, akiamuru majeshi. Ukweli ni kwamba Radi alikuwa fundi saa ambaye hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati, mfupi, mwenye masikio yaliyosimama kama mikono ya sufuria na sauti ya bawaba iliyokosa mafuta. Msituni alikwenda, lakini mbu wa kule hawakuwa na uzalendo hata kidogo. Baada ya muda mfupi alirudi mjini, akajificha katika stoo ya mama yake, nyuma ya magunia ya mkaa, na huko ndiko alikoendeshea mapambano. Waliolijua hilo ni watatu: mama yake, dada yake, na mume wa dada yake, ambaye ni Fundi Sura mwenyewe.

Upande wa serikali ya wageni alikuwepo Inspekta mmoja, mwenyeji kama wenzake lakini mkali kuliko waliomwajiri. Watu walimwita Masharubu, akiwa mbali. Masharubu yenyewe yalikuwa mazito, yamefunika mdomo wote wa juu na kuchungulia mashavuni pande zote mbili, na ilisemekana aliyaanza akiwa kuruta na tangu hapo wembe haukupita. Huyu ndiye aliyeingia uani asubuhi moja, akamwambia Fundi Sura kwamba serikali inataka uso.

Uso wa nani, afande, Fundi Sura aliuliza, akijua.

Uso wa Radi. Picha ya kamera haikuwahi kupatikana, lakini serikali ilikuwa na watoa habari watatu wanaoaminika. Wa kwanza aliapa kwamba Radi ni mrefu, huinama kila mlangoni. Wa pili aliapa ana macho ya chui. Wa tatu, aliyeona wenzake wanapewa chai, aliapa kwamba Radi hana kivuli. Mchoraji ayaunganishe hayo, uso utokee, upelekwe kiwanda cha chapa, ubandikwe kila ukuta. Inspekta atakuja mwenyewe kila siku kusimamia kazi, kwa sababu wachoraji ni watu wa kutazamwa. Na uso usipopatikana, aliongeza kwa upole, kuna chumba kizuri pale kituoni kisicho na dirisha.

Fundi Sura alimsimulia mkewe akiwa anapepeta mchele. Mkewe aliuweka ungo chini, akaenda chumbani, akarudi na mto wa mumewe, akaupeleka chumba cha kazi na kuutupa kitini pa wateja.

"Utalala huko na hao wenzako wasio na vichwa," alimwambia. "Kaka yangu akipatikana kwa brashi yako, usirudi. Akitoka salama, mto utarudi. Sina maneno mengi, mume wangu."

Na kweli hakuwa nayo. Aliendelea kupepeta.

Basi ikawa huku moto, huku maji. Fundi Sura alikaa mbele ya karatasi akajaribu kubuni mtu mrefu mwenye macho ya chui. Mkono ulianza vizuri, ukazunguka kichwa, ukashuka, na hapo pembeni ukachomoza sikio. Likafuata la pili. Alitazama, akamwona shemeji yake anamtazama, masikio kama sufuria. Aliichana karatasi akaitia jikoni. Akachukua nyingine. Shemeji tena. Ya tatu, shemeji akiwa na ndevu. Kichwani mwake aliyeitwa Radi alikuwa na sura moja tu, na mkono wake haukujua kusema uongo bila kuonyeshwa uongo wenyewe uko wapi. Jiko la mkewe liliwaka vizuri kuliko siku zote.

Inspekta alikuja kama alivyoahidi. Alikaa kiti cha wateja, juu ya mto, akaweka kofia gotini na kuuliza kazi imefikia wapi. Fundi Sura alisema inaendelea, afande. Kwa mazoea ya miaka mingi, na kwa sababu hofu humrudisha mtu kwenye kazi anayoijua, alinyoosha vidole viwili akamshika Inspekta kidevu, akakiinua kidogo. Inspekta akaganda kimya, macho mbele, kama kiranja mkuu anayepigwa picha na mwalimu mkuu.

Ndipo Fundi Sura alipoona kwamba uongo umejileta wenyewe na umekaa juu ya mto wake.

Alimweleza kwamba ili apate ukali wa sura ya mhalifu anahitaji kupima kwanza sura ya mtu mwadilifu, apate tofauti. Inspekta aliona jambo hilo lina akili sana. Akaja kila siku, akakaa, hakutikisika. Fundi Sura alichora kila kitu isipokuwa masharubu. Mdomo wa juu hakuuona, lakini mdomo wa chini ulimpa habari, na katika habari za mdomo, jirani huwa hakosei. Kilipotokea kidevu kipana, mashavu yaliyochongeka na macho yaliyozoea kuamuru, alimtafutia mwili. Uliokuwa tayari ni mmoja tu, suti ya bwana harusi aliyeghairi, na ua jekundu kolani. Muda wa kulifuta hakuwa nao.

Siku ya kukabidhi, Inspekta alisimama mbele ya picha mikono nyuma. Alisogea. Akarudi. Fundi Sura alisikia jasho likimtembea mgongoni kama mtu anayetafuta anwani.

"Huyu," Inspekta alisema mwishowe, "ni jambazi wa kuzaliwa. Tazama hayo macho. Mtu mwenye macho kama hayo anaweza kumfunga hata mama yake."

"Ndiyo, afande."

"Na hilo ua la nini?"

"Kiburi, afande."

Inspekta alikubali kwamba ni kiburi. Tangu ukuruta hakuwahi kuuona uso wake bila masharubu, na kwenye kioo alikuwa akitazama masharubu tu, kama watu wote.

Mabango yakabandikwa. Askari mmoja mwembamba aliyepewa gundi na ndoo alibandika la kwanza ukutani pa posta, akarudi nyuma kuona kama limenyooka, akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto, akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa picha. Aliondoa kiganja haraka, akatazama huku na huku, akaendelea na kazi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini si kazi ya askari wa cheo cha chini kumpekua mkubwa nguo.

Serikali ilitaka watu wamwogope Radi. Watu walimtazama na kuona kijana wa suti, kidevu kipana, ua kolani, wakaduwaa kwamba mapambano yana mtu wa namna ile. Mabango yakaanza kutoweka ukutani na kutokea sebuleni, karibu na picha za harusi, na waume kadhaa walilalamika kwamba yamewekwa karibu mno. Vijana walianza kuvaa maua kolani. Inspekta akapiga marufuku maua. Alikamata mabwana harusi wawili, mhudumu wa hoteli, na mzee mmoja aliyekuwa anatoka kaburini kwa mkewe.

Katika stoo ya mkaa Radi halisi alipelekewa bango lake pamoja na uji. Alilitazama muda mrefu. Kisha akamwomba mama yake kioo, na tangu siku ile alionekana akitoa kidevu mbele wakati wa kuandika, jambo lililomchelewesha zaidi. Alimtumia shemeji yake salamu kwamba amempatia sana shingo. Fundi Sura hakuwa na moyo wa kumwambia shingo ile ni ya bwana harusi aliyeghairi, na kilichobaki juu yake ni cha nani. Alimweleza mkewe tu. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta machozi na kusema vizuri, lakini kaka bado yuko nyuma ya magunia. Mto ulibaki uani.

Wageni wakachoka, au waliishiwa, au hotuba ziliwafika, hilo vitabu vitaeleza. Ikatangazwa kwamba bendera yao inashuka na Radi anatoka msituni. Watu walifurika uwanjani tangu alfajiri, maua kolani, hata waliovaa makoti yasiyo na kola walilishika ua kwa meno.

Radi alichelewa. Mama yake alikataa katakata taifa limwone mwanawe ana masizi, akamwogesha kwa mkono wake mwenyewe kama mtoto, masikio yakasuguliwa kwanza, kisha shati likapigwa pasi, kisha likarudiwa upande wa mgongo.

Wakati huohuo, mtaa wa tatu kutoka pale, Inspekta alifikia uamuzi. Habari zilisema watu wanawauliza maafisa wa polisi maswali magumu barabarani. Alivua sare. Akavaa suti yake ya pekee. Akasimama mbele ya kioo, akafumba macho, akanyoa masharubu, ili asitambuliwe na kiumbe yeyote. Akatoka mlango wa nyuma na mkoba mdogo, kuelekea stesheni.

Hakufika mbali. Muuza nyanya aliinua macho, akaachia kapu.

"Radi," alisema, taratibu, kama mtu anayesoma.

Basi uchochoro ukasikia, mtaa ukasikia. Inspekta alijaribu kukimbia, lakini walio nyuma walidhani ana haraka ya kulitumikia taifa, wakambeba. Mtu alimchomeka ua. Mkoba wake ulipokewa kwa heshima na haukuonekana tena. Alifikishwa uwanjani juu ya mabega, akawekwa jukwaani, akapewa kipaza sauti, na umati ukanyamaza kumsikiliza.

Angefanya nini? Akisema yeye ni nani, atapasuliwa. Akinyamaza, watauliza. Na hapo ndipo ilipoonekana faida ya kazi yake, maana kwa miaka yote alikuwa amezinyang'anya hotuba za Radi, akazisoma ofisini mstari kwa mstari akitafuta uchochezi, mpaka akazijua kwa moyo. Alifungua mdomo. Sauti iliyozoea gwaride ilitoka nzito, imetulia, ikapanda pale inapopasa kupanda. Alisema juu ya ardhi, juu ya watoto, juu ya mgongo uliokataa kuinama. Watu wazima walilia. Inasemekana hata yeye ilimgusa.

Fundi Sura alifika na familia wakati hotuba iko katikati: mkewe, mama mkwe, na Radi mwenyewe katika shati lililonyooka, masikio yanang'aa. Radi alisimama kusikiliza. Alitambua aya ya kwanza. Alitambua ya pili. Kisha akatambua kwamba hazijawahi kusomwa vizuri hivyo, na hilo ndilo lililomuuma.

"Hiyo ni hotuba yangu!" alipiga kelele. "Radi ni mimi!"

Sauti ya bawaba ilisikika mpaka jukwaani. Waliokuwa karibu walicheka kwanza, wakamtazama kimo, wakamtazama masikio, wakatazama jukwaani, wakaacha kucheka. Vijana wanne walimkamata shati. Mmoja alisema huyu ni kibaraka, katumwa kuharibu sherehe. Mwingine alisema vibaraka wanajulikana dawa yao. Shati lililopigwa pasi mara mbili likapasuka begani, na Radi akanyanyuliwa mpaka miguu ikaelea. Mama mkwe alirusha mkoba wake ukampata mtu asiyehusika.

Jukwaani, Inspekta aliona purukushani. Angeweza kumwokoa yule mtu kwa neno moja. Lakini mdomo una mazoea yake, na wa kwake ulikuwa na neno moja tu kwa watu wenye fujo. "Mkamateni," alisema ndani ya kipaza sauti, na umati ukaitikia kwa mngurumo. Fundi Sura aliliona sasa waziwazi. Brashi yake ilimficha shemeji kwa serikali, ikamficha kwa watu wote vilevile, na kwa brashi hiyohiyo atauawa mchana kweupe na watu wanaompenda.

Mkewe alimgeukia. Hakupiga kelele.

"Fundi," alisema, "ile kazi yako hukuimaliza."

Fundi Sura alipiga moyo konde. Alijipenyeza mpaka ngazi za jukwaa, akazuiwa, akasema yeye ndiye aliyeichora ile picha. Walinzi walimwachia njia kwa heshima, mmoja akamwomba amchore mchumba wake. Alipanda. Mfukoni alikuwa na kipande cha mkaa, kama siku zote. Inspekta alimwona akija, akamtambua, macho yakamtoka. Alitaka kurudi nyuma. Lakini Fundi Sura alikwisha nyoosha vidole viwili. Alimshika kidevu, akakiinua kidogo.

Inspekta akaganda.

Mstari wa kushoto ulianzia chini ya pua ukapinda mpaka shavuni. Wa kulia ukafuata. Fundi Sura hakuharakisha, alijaza katikati, akaongeza unene mahali palipohitaji unene, akasugua kwa kidole gumba kupata kivuli. Kisha akasogea kando ili watu waone.

Uwanja ulikuwa kimya kiasi cha kusikia bendera ikisuguana na kamba yake. Mstari wa mbele alisimama yule askari mwembamba wa gundi, amevaa kiraia, ua kolani. Kabla akili haijawahi, visigino vyake viligongana na mkono ukapanda kwenye paji la uso.

"Afande!"

Kicheko kilianzia kwa wale waliokuwa karibu. Kikapita kwa wauza nyanya, kikawafikia vijana wanne, ambao mmoja alilazimika kumwachia Radi ili ashike mbavu zake, na wengine wakafuata, Radi akaanguka kwa makalio. Waliosimama mbali hawakuona kitu ila walicheka kwa mshikamano. Inspekta alibaki kidevu juu, hajatikisika, mpaka alipoambiwa taratibu na Fundi Sura kwamba sasa anaweza kupumzika. Hakuna aliyempiga. Mtu ukishamcheka kwa nguvu hivyo, mkono hauna tena shabaha. Alishuka kwa ngazi za nyuma, akajifuta kwa kitambaa, na jasho likamsaidia kueneza yale masharubu mpaka masikioni. Kesi yake ilikuja baadaye, kwa utaratibu.

Radi alisimamishwa jukwaani, shati limening'inia. Watu walimtazama kwa utulivu wa mtu aliyeagiza mbuzi akaletewa sungura. Alitoa kidevu mbele. Hakikutoka. Hotuba ilikwisha kusomwa, na kila alilokuwa nalo lilikwisha kusemwa na mwingine, vizuri zaidi.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti yake ya bawaba, "naunga mkono yote aliyosema afande."

Hapo wakampenda. Bendera ikapanda, wakamwimbia mpaka sauti zikakauka, na ingawa sebule nyingi hazikuliondoa bango la zamani, watoto walilichorea masharubu.

Jioni Fundi Sura alirudi nyumbani. Alipita uani, akachungulia chumba cha kazi. Mabwana wasio na kichwa walikuwa pale pale. Kiti kilikuwa kitupu. Alikwenda chumbani, akaukuta mto upande wake wa kitanda, umevalishwa foronya safi nyeupe, na mkewe amekaa ukingoni akifungua viatu. Fundi Sura alinyoosha mkono kuugusa.

"Kanawe kwanza," mkewe alisema bila kuinua macho. "Masharubu ya serikali siyalazi humu."